Santuri Thelathini za Chapa ya Kwanza

6 Februari 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi, binti wa dada yako, yule mshonaji. Sisi huku tunajikongoja. Wateja wapo ila wote wanataka nguo jana, na paa la chumba cha kushonea limeanza tena kuvuja. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuja kutukalia wiki mbili mwezi wa Oktoba na bado yupo, na mdomo wake alikuja nao.

Mama alipasuliwa koo mwezi wa Novemba. Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilikuwa nasubiri habari njema ya kuambatanisha, nayo haikuja. Wameondoa kisanduku chote cha sauti. Anapumua kwa tundu lililo chini ya koo, na akitaka kusema anaandika kwenye daftari. Daktari alinivuta pembeni akaniambia tusihesabu mwaka.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Nilipokuwa nasafisha kabati lake nilikuta, chini ya karatasi ya droo, santuri ndogo ya nyimbo mbili ndani ya bahasha ya kahawia. Nilipomwonyesha, Mama aliishika kifuani kama mtu aliyeokota hati ya nyumba. Halafu akaandika: "Huyu anayeimba ni mimi."

Mjomba, mimi nina miaka thelathini na sijawahi kusikia habari hii. Anasema ilikuwa mwaka sitini na mbili, wewe ukifanya kazi kwenye kiwanda cha santuri, naye akikuletea chakula cha mchana. Kiongozi wa bendi alimsikia akiimba huku akisubiri mlangoni, akamwingiza kwenye chumba cha kurekodi. Zikatoka santuri thelathini tu. Kisha bendi ikaurekodi wimbo uleule upya na mwanamke mwingine, na huyo ndiye redio ikamtangaza. Mama hakuambiwa sababu. Alijijibu mwenyewe kwamba sauti yake ilikuwa mbaya, akaona aibu, akaificha ile moja aliyopewa. Haijawahi kuguswa na sindano kwa sababu hatukuwahi kuwa na mashine ya kuipigia.

Anataka kuisikia sauti yake mara moja kabla hajaondoka. Ni hilo tu. Shangazi alipolisoma daftari alicheka mpaka akakaa chini.

Naogopa kumpigia kitu ambacho siyo chake. Lebo ni ileile, jina la wimbo ni lilelile, na mwimbaji wa kike hakutajwa. Wewe ndiye unayeitwa Daktari wa Santuri, watu wanavuka bahari kukuuliza. Tutajuaje kama hii ni ya chapa ya kwanza?

Mama anakusalimu sana.

Mpwa wako


1 Machi 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta katikati ya kazi, meza imejaa santuri za marehemu fulani ambaye watoto wake wamezileta ndani ya gunia la viazi. Watu hawana adabu. Kifua changu ni kilekile, asante kwa kutokuuliza.

Pole kwa mama yako. Ila tuseme kweli: tangu nizaliwe, hii ndiyo mara ya kwanza dada yangu hawezi kunikatiza nikiongea. Usininunie, utani ndio dawa ya familia yetu.

Kuhusu hiyo santuri, kwanza msiipige. Nimesema msiipige. Msiifute kwa kitambaa, msiioshe, msiweke vidole juu ya mistari. Mistari ya wimbo inapoishia, kabla ya kufika kwenye lebo, pana utepe mtupu unaong'aa. Iinamishe dirishani mchana uniandikie kila kilichoandikwa hapo, hata mkwaruzo. Halafu niambie kama rangi ya lebo imefika ukingoni au imeacha duara jeupe.

Usimpe mama yako matumaini. Nilikuwepo. Alikuwa mtu wa kutia chumvi tangu utotoni, akipita karibu na harusi basi atakwambia alikuwa bibi harusi.

Mjomba wako


24 Machi 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na kifua kipoe. Kweli sikukiuliza, nisamehe. Shangazi bado yupo. Nimeshona sare za wahudumu wa hoteli nzima, vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine.

Ule utani wa mama kutokukukatiza sikumsomea.

Nimeitazama santuri saa sita mchana kwa kioo cha kukuzia. Kwenye utepe mtupu pana nambari 417, kisha herufi A, kisha alama ndogo kama ndoano ya kuvulia samaki. Nambari na herufi zimedidimia. Ile ndoano imetuna, ukipitisha ukucha unakwama. Rangi ya lebo imefika mpaka ukingoni, hakuna duara jeupe.

Mama ameanza kunywa kwa shida. Kila asubuhi ananiandikia neno moja: "Barua?"

Mpwa wako


12 Aprili 1994

Mpwa wangu mpendwa, mwenye macho kuliko wataalamu wangu wote,

Marahaba mara mbili. Maelezo yako yamenifurahisha mno. Ungekuwa karibu ningekupa kiti kando yangu, maana hapa kuna wasomi wenye miwani minene wasioweza kutofautisha kilichodidimia na kilichotuna. Kumbe kipaji ni cha upande wetu.

Kwa masikitiko, hiyo ni chapa ya pili. Zilitoka kwa maelfu. Ndoano ni mkwaruzo wa kiwandani tu, haina maana. Lakini kwa heshima ya dada yangu sitaki tubahatishe. Itume kwangu, niipime uzito na kuitazama kwenye darubini, niioshe inavyostahili, kisha nitairudisha ikiwa safi aisikilize vizuri. Iweke kati ya vibao viwili, pamba pembeni, andika "vitabu". Fanya haraka, posta zenu zina miguu mifupi.

Busu kwa mama yako.

Mjomba wako


3 Mei 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Paa limezibwa. Mama amepungua, gauni la mwaka jana nimelipunguza mara mbili.

Ninaituma leo. Mama ameitoa kwa shingo upande. Aliniandikia, "Hii nikiipoteza sina nyingine," nikamwambia inakwenda kwa mdogo wako uliyembeba mgongoni, siyo kwa mwizi. Akatikisa kichwa, akaniachia.

Tafadhali usikawie. Wewe una miaka ya kungoja, yeye hana.

Mpwa wako


9 Juni 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Joto la huku ni la kupikia.

Ninairudisha. Ni kama nilivyosema, chapa ya pili, ya kawaida, mtu hawezi hata kuiiba. Mpigieni akitaka. Mimi ningekuwa nyie ningemwachia ndoto yake, lakini mwenye masikio hafungwi.

Kazi nyingi. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mjomba wako


17 Julai 1994

Mjomba,

Shikamoo. Shangazi mzima, cherehani nzima. Mama ndiye siyo mzima, na sasa nitakueleza kwa nini.

Kuna mtengenezaji wa redio mtaani kwetu, tunamwita Fundi Sindano. Jumapili iliyopita alileta mashine yake ya santuri, akaiweka mezani sebuleni. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu na kuniamuru nimchane nywele. Aliwaalika kwa daftari majirani wanne, wale waliomcheka Shangazi alipowasimulia. Akakaa mbele, mikono magotini, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Fundi akaweka sindano. Akaimba yule mwanamke wa redioni ambaye nchi nzima inamjua.

Shangazi alisema, "Haya, mama mwimbaji, hongera," na wenzake wakaangalia sakafu ili wacheke vizuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliandika, "Labda nilikosea. Ni miaka mingi." Kisha akalifunga daftari, na tangu siku hiyo hajaandika kitu zaidi ya maji na asante.

Mjomba, mimi ni mshonaji. Nguo ya mteja haitoki mikononi mwangu kabla sijanakili kipande chake kwenye karatasi, maana nguo hupotea na wateja huongopa. Kabla ya kukutumia santuri niliweka karatasi nyembamba juu ya ule utepe nikasugua penseli. Ndoano ikatoka vizuri kabisa, kwa kuwa imetuna. Karatasi ninayo. Santuri uliyorudisha haina ndoano, na lebo yake ina duara jeupe pembeni. Nilimwonyesha Fundi. Alinyoosha mkono akatoa orodha ya mauzo ya wakusanyaji wa santuri inayomjia kila baada ya miezi mitatu, akanifungulia ukurasa wa kati. Picha ya santuri, ndoano imekuzwa, na maneno yako: "Chapa ya kwanza, nakala pekee inayojulikana, haijapigwa. Sauti ya mwimbaji wa kike asiyejulikana."

Asiyejulikana. Alikubeba mgongoni, Mjomba. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sitaki uirudishe. Sitaki hata senti. Irekodi kwenye kaseti, upande mmoja tu, dakika tatu, uitume kwa haraka. Nitamwambia Fundi alichanganya santuri. Nitakutetea mbele yake mpaka mwisho, naahidi.

Mpwa wako


15 Agosti 1994

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na miiba.

Umenivunjia heshima na sitakujibu kwa hasira. Nitakufundisha kazi. Sindano inakula. Kila inapopita inang'oa kitu, na santuri iliyopigwa mara moja si ile iliyokuwepo kabla. Hii imekaa miaka thelathini na mbili bila kuguswa, na hilo ndilo linaloifanya iwe pekee. Aliyeinunua ameiweka ndani ya kioo ukutani, kwa sharti moja: isipigwe, na yeyote, kwa sababu yoyote. Kaseti haiwezekani. Hiyo "mara moja tu" ya mama yako ndiyo inayoua.

Na mimi nimekosa nini? Kwenu ilikuwa imelala chini ya karatasi ya droo pamoja na mende. Kwangu imepata jina. Kuhusu "asiyejulikana", niambie nani anamjua. Mwenyewe amesema labda alikosea, na ushahidi huo umeniletea wewe.

Akisikia sauti yake atafanya nini? Ataimba nayo? Mwache apumzike. Mwenye huruma ni mimi.

Mjomba wako


20 Oktoba 1994

Mpwa wangu,

Hamjambo? Miezi miwili sijapata barua yako. Kununa kumezidi kipimo, na mimi ni mjomba wako, hakuna mwingine.

Nina jambo. Kuna kijana mmoja anayejiita mtaalamu, ameandika kwenye orodha kwamba ile ndoano haina maana yoyote, kwamba hakuna daftari la kiwanda linaloitaja, na kwamba shahidi wa chapa ya kwanza ni mtu mmoja tu, yaani mimi. Ananiita mchora ndoano. Mnunuzi ameingiwa na hofu, ameirudisha mpaka nilete uthibitisho. Wateja wangu wa miaka ishirini wananipita dukani wakitazama viatu vyao. Aliye juu mngoje chini, ndivyo wanavyosema, na wanangoja kweli.

Anayeweza kuniokoa ni dada yangu peke yake. Nimeambatanisha karatasi. Aandike kwamba yeye ndiye aliyeimba, mwaka huo, kabla ya yule mwingine, na kwamba alipewa moja kati ya zile thelathini. Saini yake na alama ya kidole. Wewe usaini kama shahidi.

Ukinifanyia hili, kaseti tutaizungumzia.

Mjomba wako


14 Novemba 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na usijali ukimya wetu. Kulikuwa na shughuli nyingi nyumbani, watu wakiingia na kutoka. Shangazi hatimaye amerudi kwake. Chumba chake nimekigeuza cha kukatia vitambaa, kina mwanga mzuri.

Mama anakusalimu. Tangu wiki iliyopita anakunywa uji bila shida, na jioni anakaa kibarazani na daftari lake. Barua yako nilimsomea yote. Nilidhani atakasirika. Kumbe aliandika ukurasa mzima, ninaunakili: "Mwambie mdogo wangu nimemsamehe. Santuri ni kitu, yeye ni damu. Niko tayari kusaini, lakini sisaini nisichokiona, nisije nikanunua mbuzi kwenye gunia. Ailete ile yenyewe niishike, niitambue. Na kabla sijafa anijibu swali moja tu: kwa nini waliniacha? Yeye alikuwa kiwandani, anajua. Hata kama sauti ilikuwa mbaya, aseme, sitachukia."

Ni hayo. Itume kwa njia unayoiamini. Karatasi ya saini ninayo hapa mezani.

Mpwa wako


10 Desemba 1994

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikutegemea. Sijalia tangu mama yetu azikwe, na leo mwenye duka la jirani ameniuliza kama nina mafua.

Nimeifunga santuri ndani ya sanduku la mbao, inakuja na barua hii kwa mjumbe wa kulipwa. Aishike, aitambue, asaini, kisha unirudishie haraka. Msiipige. Nakuomba kwa magoti, ikipigwa nimekwisha.

Swali lake nitalijibu, kwa kuwa amenisamehe. Msomee polepole.

Sauti yake haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kupita kwenye chumba kile. Mimi nilikuwa nimemwomba kiongozi wa bendi miaka miwili anijaribu niimbe, akinicheka. Dada akaja na chakula changu mkononi, akaimba mlangoni bila kuombwa, wakamchukua siku hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa mashine ya kugandamiza, na chapa ya chuma inayopiga mistari ya wimbo kwenye santuri ilikuwa chini ya mkono wangu. Kabla ya kuanza niliichora ile ndoano kwa msumari kwenye chuma, kwa hiyo kwenye santuri ikatokea imetuna. Sijui kwa nini niliichora, labda nilitaka na mimi niwemo. Ilipotoka ya thelathini niliigonga chapa kwa nyundo. Nikasema imepasuka yenyewe, na nyingine hatukuwa nayo. Bosi akaagiza warekodi upya, na kiongozi wa bendi aliponiuliza dada yuko wapi, nikamwambia ameolewa na mumewe hataki. Hakuwa ameolewa. Wakamtafuta mwingine.

Ndiyo maana ni adimu. Niliifanya mimi iwe adimu. Miaka yote hii watu wananilipa niwaambie kwa nini hazipatikani, na mimi nawaambia habari za uchumi wa viwanda.

Mwambie nilikuwa na kijicho cha kitoto. Mwambie yeye alikuwa mwimbaji. Nitamwandikia mwenyewe wiki ijayo.

Mdogo wake, mjomba wako


9 Januari 1995

Mjomba,

Shikamoo nimeiacha, utaitafuta kwa wengine.

Santuri imefika salama, mbao haikupata hata ufa. Unajua kufunga vitu. Nilimwita Fundi Sindano na wale majirani wanne, na Shangazi nilimtumia nauli aje. Tukaipiga sebuleni.

Sasa najua mama alikuwa na sauti gani. Ni nene kuliko nilivyofikiri, haina haraka, na kwenye ubeti wa pili anavuta pumzi karibu mno na kipaza sauti, unaisikia pumzi yenyewe. Nimekuwa naye miaka thelathini bila kumsikia hivyo. Shangazi aliomba irudiwe. Tuliirudia mchana kutwa, kwa sindano nzito ya Fundi, ile anayojaribia mashine mbovu, na kila aliyepita njiani akaitwa aingie. Kufikia alasiri ilikuwa inachakarika kama vitunguu kwenye mafuta, na bado watu wanaomba. Ninakurudishia pamoja na barua hii. Karatasi yako nayo imo, haina saini wala kidole.

Haina kwa sababu Mama tulimzika tarehe 31 Agosti. Barua yako ya "ataimba nayo?" ilifika siku tatu baadaye. Niliisoma nikiwa bado na watu waliokuja kunipa pole, nikaikunja, nikaamua sitakuambia. Watu waliokuwa wakiingia na kutoka ni wao. Chumba chenye mwanga mzuri ni cha Mama, si cha Shangazi.

Alikufa akiamini kwamba waliisikia sauti yake wakaona haifai. Siku tatu za mwisho aliniomba kalamu mara moja tu, akaandika nisiwaambie watu tena habari za ule wimbo, wasimcheke akiwa hayupo. Jibu la swali lake ulikuwa nalo miaka thelathini na mbili, na lingeenea kwenye kadi ya posta.

Hilo swali la kwenye barua nililiuliza mimi. Uji niliutunga mimi. Barua uliyoisoma umesimama, ukaisoma tena umekaa, niliiandika kwenye meza ya kukatia vitambaa huku mteja akinisubiri nimpime mabega. Mama hakukusamehe, Mjomba. Baada ya ile Jumapili hakuna barua yako iliyomkuta hai, na jina lako hakulitaja tena.

Binti wa dada yako